Pembe ya Ndoa

Siku hizi kila ndoa hupewa tando mbili za kaboni, zenye unene wa atomu moja, moja ikabandikwa kiganjani mwa mume, nyingine mwa mke. Tukishikana mikono, tando hulaliana kwa pembe yetu sisi wawili tu, umeme unapita na jiko linawaka. Pembe ikipotea, jiko halishiki.

Leo asubuhi mimi na Hemedi tulishikana mara nne. Birika likabaki baridi.

"Jasho tu, mama Rahma."

"Fundi anasema utando haujigeuzi. Hugeuka ukizoea kiganja kingine."

"Wivu hadi wa birika?"

Mdogo wangu Zuhura, aliyeolewa nyumba ya pili, akaingia kuazima sukari.

"Shemeji, mbona umenuna?" akampa Hemedi mkono.

Nyuma yangu birika likaanza kunguruma.

"Msiachiane," nikasema. "Chai haijachemka."