Sitini na Moja Kamili

Miaka kumi na minne Mwanahawa alikuwa mke wa bingwa wa ndondi, na miaka yote hiyo hakuwahi kumshibisha mumewe. Ubingwa ule ulikuwa wa kilo sitini na moja, haukubali hata tonge la ziada. Mbaraka alikula kuku wa kuchemsha asiye na chumvi, huku pilau ya mkewe akiinusa tu, kama mpita njia anayenusa chakula cha watu.

Sasa ulikuwa mwezi wa nne tangu astaafu. Mchana ule Mwanahawa alimpakulia pilau sahani tele, na kachumbari juu yake. Mbaraka alikula matonge matatu, akasema, "Mama Zuhura, unajua kupika wewe," kisha akanawa, akaenda chumbani.

Alipokawia, mkewe akamfuata. Alimkuta amesimama juu ya mizani yake ya zamani, kifua wazi, amebana pumzi. Macho yake hayakuwa kwenye mizani. Yalitazama mbele, kana kwamba ukumbi mzima umejaa watu waliokuja kumwona akipimwa, na anayesubiriwa ni mtangazaji tu.

Mwanahawa akainama. Mshale ulikuwa kwenye sabini na mbili.

Alitaka kumwambia, "Baba Zuhura, shuka, chakula kinapoa." Badala yake alinyooka, akakohoa kidogo, akatangaza kwa sauti iliyofika barabarani:

"Sitini na moja kamili!"

Mbaraka akafumba macho. Taratibu, akainua ngumi zote mbili.