Gari la Hapa na Gari la Ng'ambo

Siku hizi kila gari hushika tabia za mwenyewe wa kwanza, na sheria hairuhusu kuzifuta. Ndiyo maana Jumapili, pale tunapooshea magari, jirani yangu Baba Haika hakuacha kulisifia lake, lililotumika ng'ambo kabla ya kumfikia.

"Mama Ndeshi, hebu tazama," aliniambia. Alipogusa kitasa, gari lilifungua mlango wa nyuma, likashusha kiti, likasubiri kana kwamba kuna bibi anapanda taratibu. "Mwenyewe wa kwanza alikuwa akimbeba mama yake mgonjwa. Adabu hii utaipata wapi?"

Moyoni nilikiri ni nzuri mno, lakini kushindwa sikutaka.

"Langu limeundwa Kibaha, nililinunua jipya," nilimjibu. "Linakwepa mashimo kabla sijayaona. Mteremko wa Lyamungo linashuka kama maji mferejini. Tena halina mizimu ya mtu. Kila linachojua, nimelifundisha mimi."

"Hapo umenishinda," alisema, akapapasa boneti ya gari langu kwa heshima.

Nilirudi nyumbani natabasamu peke yangu. Jioni mume wangu aliliazima, kwa mara ya kwanza, akafuate mkate. Aliporudi aliuweka mezani, lakini yeye hakukaa.

"Gari lako zuri sana, mke wangu," alisema. "Ila mbona likifika getini kwetu linazima taa, linakaa kimya dakika kumi, ndipo linakubali kuingia?"