Mashine Nzito ya Katibu Muhtasi

Fundi alipopiga magoti na kufungua ubavu wa kompyuta, katibu muhtasi alijifanya anapanga mafaili mezani. Miaka minne alikuwa akiisingizia mashine ile. Barua ikichelewa, mashine nzito. Muhtasari wa kikao usipoonekana, mashine imeganda.

Leo bosi mwenyewe alisimama pembeni, mikono nyuma, akingoja memori mpya aliyoinunua ipachikwe.

Fundi akaichomeka, ikagoma. Akaigeuza, akakodolea macho pengo lake dogo.

"Haiingiani na mashine hii, bosi. Memori hii ni ya mashine za zamani."

Akaufunga ubavu, akaiwasha kompyuta, nayo ikawaka kufumba na kufumbua, msaliti mkubwa. Kidole cha fundi, kucha imejaa vumbi, kikashuka kwenye skrini mstari kwa mstari, kikasimama kwenye kasi ya prosesa.

"Mbona hii haina tatizo? Nimepima mashine zote za ghorofa hii, bado yako tu, bosi. Hakuna inayoifikia hii kwa kasi, na memori inayo ya kumwaga."

Bosi akamgeukia katibu muhtasi polepole. Mwanamke akajikaza kisabuni.

"Sawa, bosi. Basi apime na ya kwako, tulinganishe. Si ndiyo inayokucheleweshea ripoti ya makao makuu tangu mwezi wa pili?"

Bosi aliutazama mlango wa ofisi yake. Akakohoa.

"Fundi," alisema, "hebu ipime tena hii."