Viti vya Jirani

Siku maafisa walipopita nyumba kwa nyumba kuchagua watoto maskini wa shule ya msingi watakaosaidiwa na serikali, Bi Mwatumu alifanya kama alivyolelewa. Mgeni hapokelewi kinyonge. Aliazima viti, zulia na chupa ya chai kwa jirani, akamvisha mjukuu wake Salha gauni la Idi, maana sare yake ilikuwa viraka vitupu.

"Bibi, kwako kumependeza," alisema afisa, akishushia andazi kwa chai. "Mtoto anakula vizuri?"

"Tunamshukuru Mungu, mwanangu. Hatulalamiki."

"Laiti wote wangekuwa hivi." Afisa akalikata jina la Salha kwa mstari mmoja mnyoofu. "Nafasi ni chache, bibi. Tunawatafuta wasio na kitu."

Bi Mwatumu aliuona mstari ule. Aliwasindikiza hadi nje, neno limemfika kooni: vile vyote ni vya watu, baba, hata hilo andazi. Afisa akageuka, akasimama kumsikiliza.

"Karibuni tena," alisema Bi Mwatumu.

Pembeni yake Salha aliwapungia mkono wageni, akicheka, mpaka walipokata kona.