Shuka Lililovunja Mkono

Kilichomvunja mkono ni shuka. Shuka moja jeupe, limelowa maji, alilolivuta kutoka kwenye mashine ya kufulia kama alivyovuta maelfu mengine kwa miaka kumi na minne. Kifundo cha mkono kikalia "ka!", na dobi wa hoteli akajikuta amekaa sakafuni, anatukana.

Alilitukana shuka, akaitukana mashine, kisha akamgeukia msimamizi aliyekuja mbio.

"Usiniguse! Mwenzangu alipokatwa vidole ulikaa kimya. Leo huruma umeitoa wapi?"

Wenzake waliinamisha nyuso. Walishamzoea, na jina la Pilipili walimpa wao. Mwaka mmoja nyuma, mashine ya kupigia pasi mashuka ilimeza mkono wa shoga yake, ikamwachia vidole viwili tu. Msimamizi aliandika kwamba mama yule alizembea. Pilipili akaapa kwamba siku tatu kabla ya ajali alimwona fundi mitambo akifungua kinga ya chuma inayozuia mikono isiingie, na msimamizi amesimama pale pale akimhimiza, ili kazi iende haraka. Wanaume wote wawili walikana. Shahidi mwingine hakuwepo. Shauri la shoga yake, lililokuwa likisubiri kusikilizwa kwenye baraza la kazi, lilisimama juu ya maneno ya Pilipili peke yake.

Alirudi nyumbani na plasta hadi kwenye kiwiko na hasira mara mbili ya zile za kawaida. Alimfokea binti yake kwa kumfunga vifungo vya blauzi, na binti alipoacha, akamfokea kwa kuacha.

Daktari ndiye aliyekuwa wa kwanza kutilia shaka lile shuka.

"Mama wa miaka arobaini na sita havunjwi mfupa na nguo," alisema, akaagiza damu ipimwe, kisha shingo ipigwe picha. Wiki mbili baadaye aliwaita mama na binti.

"Hapa shingoni kuna vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Kimoja chako kimekua kama harage. Kinainyang'anya mifupa yako madini na kuyamwaga kwenye damu. Nadhani ni miaka miwili sasa."

"Ndiyo maana ana hasira?" binti aliuliza.

"Inaweza kuchangia. Hasira, uchovu, kusahau. Wengine huchanganyikiwa kidogo."

"Mama! Na zile funguo tulizozikuta kwenye friji!"

"Funguo zangu, friji yangu. Wewe inakuwasha nini?"

Binti na daktari walitazamana. Pilipili aliona walivyotazamana, na ikamuuma kuliko mkono.

Habari ilifika kazini kabla yake. Msimamizi alikuja kumwona, akakaa ukingoni mwa kiti, sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto.

"Pole sana, dada. Kumbe siku zote tulikuwa tunagombana na kitezi." Akasogea karibu. "Sasa lile la kinga… una hakika uliliona? Kwa damu ile?"

"Toka nje!"

Alitoka. Lakini swali lilibaki. Siku ile ilikuwa Jumanne au Jumatano? Fundi alivaa nini? Alipojaribu kukumbuka, picha ilitetema kama kitu kilicho chini ya maji, akapiga meza kwa ule mkono mzima hadi vikombe vikaruka.

Alifanyiwa upasuaji. Plasta ikaondolewa, mfupa ukaunga, damu ikatulia. Na yeye akatulia. Ilikuwa ajabu kuamka asubuhi bila kumchukia mtu. Binti alimkumbatia jikoni, akamwambia, "Mama, umerudi." Pilipili alilia kwa aibu, maana aliiona ile miaka miwili kama ya mwanamke mwingine: sahani alizovunja, majirani aliowafukuza mlangoni, matusi. Kama yote hayo yaliletwa na ugonjwa, angewezaje kuchagua moja tu na kusema, hili ni kweli?

Akaliandikia baraza barua. Wakati ule nilikuwa mgonjwa, aliandika, siwezi tena kuapa kwamba niliona nilichosema niliona. Shauri likatupwa. Shoga yake alipiga simu mara moja, akauliza swali moja tu: "Hata wewe?" Hakupiga tena.

Siku ya kurudi kazini alisimama mbele ya madobi wote akamwomba msimamizi radhi. Watu walipiga makofi. Msimamizi alimshika bega, akasema hana kinyongo, na kila mtu akaona jinsi alivyo muungwana.

Aliyebaki kuombwa radhi ni fundi mitambo. Alimkuta kwenye karakana yake nyuma ya matangi ya maji, anasafisha spana kwa kitambaa.

"Fundi, nimekuja kwako pia. Nilikusingizia jambo kubwa. Sikuwa mimi, ulikuwa ugonjwa. Nisamehe, mwanangu."

Fundi aliendelea kusugua spana ambayo tayari ilikuwa inang'aa.

"Niambie basi kama umenisamehe," Pilipili alisema kwa upole.

"Mama, nina watoto watatu, na msimamizi aliniambia nikifungua mdomo sina kazi." Hakuinua macho. "Ulikuwa umesimama mlangoni na kapu la mataulo. Mimi nafungua skrubu, yeye anazipokea mkononi. Sote wawili tulikuona."