Mtoto wa Kwenye Tamthilia

Siku hizi mwigizaji wa televisheni hupandikizwa kumbukumbu za mhusika wake, kisha huondolewa kumbukumbu hizo tamthilia ikiisha. Dakta Subilaga, msomi wa sanaa za maonyesho aliyeanzia jukwaani, aliondolewa za kwake asubuhi.

Alipofika nyumbani, msichana mdogo alimkimbilia.

"Shikamoo, mama!"

Subilaga akamgeukia mumewe. "Huyu ni nani?"

"Ni Atupele, mwanetu," Ambakisye alijibu.

Subilaga alimkumbuka vizuri mtoto wa kwenye tamthilia, homa zake na jino lake la kwanza. Huyu hakumkumbuka kabisa; asubuhi walikuwa wamemfuta mtoto asiye wa tamthilia. Basi akafanya alichosomea: akatabasamu, akafungua mikono, akamkumbatia kwa bashasha.

Atupele akajinasua taratibu.

"Mama, mbona unaniigizia?"