Ndege Wasioogopa Honi

Boti ya ofisi ilipiga honi mara ya tatu, na kule juu ya mawe hakuruka ndege hata mmoja.

"Hao wameshazoea watu," mkuu wa hifadhi alisema, darubini machoni. "Mia mbili na kumi na wawili. Mwaka jana walikuwa mia na arobaini. Hongera, bwana."

Mlinzi wa kisiwa, aliyepakiwa botini kama kila siku ya hesabu, hakujua acheke au alie. Miaka mitatu sasa alikuwa akiomba sumu ya panya. Panya hao walishuka kutoka kwenye meli iliyokwama, wakala mayai, wakala makinda. Na kila barua yake ilijibiwa vilevile: ndege wanaongezeka, panya gani tena?

Kisiwa kile kilimla baba yake ujana wote. Zamani waokota mayai walikifagia pakabaki mawe matupu, na mzee akaandika barua mpaka serikali ikachoka naye, ikakitangaza hifadhi. Akakaa huko peke yake misimu miwili kabla ya jozi ya kwanza ya ndege kurudi. Ndege hashuki pasipo na mwenzake, alikuwa akimwambia mwanawe, na mwanawe hakusahau.

"Panya wamewamaliza, bosi. Shuka uone kwa karibu."

"Wamewamaliza, na hawa ninaowaona ni nani? Halafu sheria unaijua. Msimu wa kutaga hakanyagi mtu ila wewe."

Aliijua sana. Ndiyo hiyohiyo iliyokataza kupeleka kitu chochote kisiwani bila kibali, na adhabu yake ni kufukuzwa kazi. Akifukuzwa yeye, kisiwa cha baba atabaki nacho nani?

Mkuu alimtania kuhusu rangi nyeupe iliyoganda kwenye kucha zake. Akajibu ni ya vibao vya onyo. Wakamshusha ufukweni, boti ikaenda zake na hesabu yake nzuri.

Wingu lilikuwa limefunga. Panya mmoja alikatiza mbele yake mchana kweupe, bila haraka, amenona kama paka wa buchani. Mlinzi hakumrushia hata jiwe.

Matone ya kwanza yalipoanguka, alichukua gunia, akapanda kwenye mawe, akaanza kuwaokota ndege wake mmoja mmoja, kabla mvua haijawabandua rangi.